Maswali Yenu: Vibweta vya kauri vya Kijapani

SWALI: Salaam mhariri. Nimenunua kibweta cha kauri hapa Leicester kwa pauni 4. Kina maua mekundu na bluu yenye dhahabu, na chini kimeandikwa "Japan". Muuzaji amesema ni Imari ya miaka ya 1800. Nikiuze kwa bei gani?
Msomaji, Leicester

JIBU: Ndugu msomaji, maandishi hayo hayakubaliani na muuzaji. Tangu 1891 sheria ya forodha ya Marekani ilidai bidhaa za kigeni ziandikwe nchi zilikotoka, na Wajapani wakaandika "Nippon", jina la nchi yao kwa Kijapani. Mwaka 1921 Wamarekani wakalikataa neno hilo, wakataka "Japan". Kwa hiyo chako kina kila dalili ya kutengenezwa 1921 au baadaye. Kukosa maandishi nako si ushahidi wa uzee, kwani vyombo vingi vilibandikwa karatasi tu, nayo ikatoka kwa kuoshwa. Na Imari si umri. Ni bandari iliyosafirisha kauri za Arita, kisiwani Kyushu. Mtindo wake unaigwa hadi leo.

Chukua kioo kinachokuza mara 10, uangalie ua moja. Ukiona vitone vidogo vilivyojipanga sawasawa, hiyo ni chapa ya mashine. Rangi ya mkono huonyesha mikwaruzo ya brashi, nene hapa, nyembamba pale. Vingi vimechanganywa: mstari wa chapa, ndani umejazwa rangi kwa mkono. Hivyo havina bei ya kazi iliyofanywa yote kwa mkono.

Kisha weka mfuniko, uuzungushe polepole. Ukicheza, au weupe wake ukitofautiana na wa chini, huenda umetoka kwenye kibweta kingine, na hapo thamani hushuka sana.

Kuhusu bei, usifuate wanayoomba wauzaji mtandaoni. Mtu anaweza kuomba pauni 200 mwaka mzima asipate mteja. Chuja matokeo yaonyeshe vilivyokwisha kuuzwa, tafuta vitatu vinavyofanana na chako kwa ukubwa, alama na hali, ushike bei ya katikati. Tuseme viliuzwa pauni 15, 22 na 40: shika 22. Toa posta, vifungashio na ada ya mtandao. Kinachobaki, ukiondoa zile pauni 4, ndiyo faida yako.

SWALI: Changu kimemeguka ukingoni. Nikigundishe na kukipaka dhahabu kabla ya kuuza?

JIBU: Hapana, dada. Dhahabu ya kiwandani huchomwa tanuruni juu ya mng'aro, yaani lile tabaka laini kama kioo linalofunika kauri; ya kopo hukaa kama rangi ya kucha na mnunuzi mzoefu huigundua mara moja. Wengi hutumia tochi ya kukagulia noti bandia, kwa sababu gundi na rangi za kisasa mara nyingi hung'aa tofauti na kauri yenyewe. Kiuze kilivyo, upige picha ya pengo ukiweka rula pembeni.

Kagua pia nyufa. Zima taa, tia tochi ya kawaida ndani. Ufa mwembamba kama unywele utaonekana kama mstari mweusi. Utaje kwenye tangazo. Kuuficha ni kumdhulumu mnunuzi, na atakirudisha.

SWALI: Mfuniko ulifika kwa mteja dhahabu imebanduka. Kosa ni la posta?

JIBU: Karibu kila mara kosa ni selotepu iliyobandikwa moja kwa moja juu ya chombo ili mfuniko usitoke. Dhahabu iko juu kabisa. Utepe ukivutwa huondoka nayo, na kibandiko cha bei hufanya vivyo hivyo. Funga mfuniko na kibweta kila kimoja peke yake, kwanza kwa karatasi laini isiyo na wino, halafu plastiki ya mapovu. Weka kwenye boksi dogo, nalo ndani ya boksi kubwa lenye sentimita 5 za kujazia kila upande. Tikisa. Ukisikia kitu kikisogea, fungua uongeze.