Re: Stempu za Zanzibar za babu, nizibandue kwenye bahasha?

Usibandue ndugu yangu, tafadhali! Umesema ziko kwenye bahasha na zina sura ya Sultani halafu juu yake imeandikwa JAMHURI 1964, sasa hizo ndo zile za baada ya mapinduzi ya Januari 64, serikali mpya ilikuta shehena ya stempu za Sultani haikuzitupa, wakagonga muhuri wa Jamhuri juu wakaendelea kutuma barua kama kawaida. Za mwanzo ziligongwa kwa mkono ndo maana utakuta zingine maandishi yamekaa upande au wino umefifia, baadaye zikaja zilizochapwa na mashine, hizo zimenyooka kabisa. Chukua lenzi uangalie.

Bahasha nzima yenye muhuri wa posta unaosomeka, mji na tarehe, wakusanyaji wengi wanaipenda kuliko stempu tupu. Mimi nlishaharibu za kwangu kwa kuziloweka, roho inaniuma hadi leo.

Kuhusu hela usitegemee utajiri, nyingi zilichapwa kwa wingi. Na ukikutana na mtu anakuuzia za kugongwa kwa mkono kwa bei kubwa kuwa makini, muhuri ule ni rahisi kufoji.

Zile stempu zingine ulizotaja za Kenya Uganda Tanganyika, zilizo tupu bila bahasha, shika kwa kibano sio vidole, weka kwenye albamu mbali na unyevu, na selotepu usiiguse kabisaa. Tupia picha ya nyuma ya bahasha tuone mihuri mingine