Tunajaza MTUHA kila mwezi, sisi zahanati tunafaidika nini?

SWALI: Mimi ni nesi kwenye zahanati ya kijijini. Kila mwezi tunajumlisha vitabu vya MTUHA, vile vya kumbukumbu za huduma za afya, tunapeleka wilayani, wanaingiza kwenye DHIS2, mfumo wa takwimu wa kwenye kompyuta, halafu tunaambiwa tu Penta 3 yenu (dozi ya tatu ya chanjo ya watoto inayokinga magonjwa matano) iko chini. Sasa hizo takwimu sisi zinatusaidia nini?

JIBU: Dada pole na kazi. Hizo takwimu ni zenu kabla hazijawa za wilaya, na kwa nini Penta 3 iko chini wilaya hawawezi kujua, jibu liko kwenye rejista hapo mezani kwako.

Chukua Penta 1 na Penta 3 za robo mwaka nzima, usichukue mwezi mmoja, kwa sababu mtoto anayechomwa Penta 3 leo akiwa na wiki 14, Penta 1 alichomwa wiki ya 6, kwa hiyo mwezi mmoja peke yake unalinganisha watoto tofauti kabisa. Tuseme Penta 1 ni 80 na Penta 3 ni 60, wamepotea 20 bila kumaliza dozi, hiyo ni asilimia 25 ya walioanza. Ikizidi asilimia 10 kuna shida. Ikitoka hasi, yaani Penta 3 imezidi Penta 1, msifurahi, rudieni kuhesabu tali (alama mnazoweka kwa kila mtoto) kwanza, au mnapokea watoto walioanzia kwingine.

Wengi wakishapata asilimia wanaishia hapo, wakati kazi ndo inaanza. Waandike hao 20 kwa kitongoji. Wengi wakitoka kitongoji kimoja basi ni umbali au mto umejaa, pelekeni huduma ya mkoba, mkachanje huko huko. Wakiwa wametapakaa kila mahali jiangalieni nyie wenyewe, maana kuna mama anafika anaambiwa njoo Alhamisi, watoto hawajatosha kufungua kichupa cha dozi nyingi. Hili linaniuma sana kwa kweli. BCG (ya kifua kikuu) na surua-rubella sawa, ikishafunguliwa mwisho masaa 6, ila penta ya maji iliyofunguliwa inakaa mpaka siku 28 kama friji iko vizuri, haijaisha muda na kile kialama cha joto kwenye kichupa hakijafika hatua ya kutupa, sasa mama katembea na mtoto mgongoni unamrudisha kwa lipi?

Hiyo orodha mpe mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kitongoji husika awafuate nyumbani, na mwezi ujao kabla hujapeleka ripoti wilayani hesabu kwanza wamerudi wangapi.