Unatengeneza haipavaiza? Anza na poti ya siriali

Kuna kijana wa hapa Mwanakwerekwe anatengeneza haipavaiza yake mwenyewe, yaani programu ya kuendesha mashine pepe, juu ya KVM, ile sehemu ya Linux inayosaidia kazi hiyo, alikuja kwangu na laptop anataka nimsaidie kuweka skrini, mausi na kadi ya sauti, na huyo mgeni wake, yaani mfumo unaoendeshwa ndani ya mashine pepe, bado hajaandika hata herufi moja. Nikamwambia mdogo wangu, hivyo vyote weka pembeni, mpe mgeni poti ya siriali kwanza, ile njia ya zamani ya kupitisha herufi moja moja.

Kifaa pepe ni majibu tu. Mgeni anasoma au anaandika anuani fulani, prosesa inatoka kwake, KVM inakurudishia wewe mwenyeji na KVM_EXIT_IO (kagusa poti) au KVM_EXIT_MMIO (kagusa anuani ya memori ya kifaa), unaangalia kataka nini, unamjibu, anaendelea na kazi zake. Siriali ya PC inakaa poti 0x3f8, herufi ikiandikwa pale unaipeleka kwenye terminal, unadhani ushamaliza. Mie nilidhani hivyo nikakwama siku mbili nzima, nilikuwa Wete kwa mama wakati huo, nimewasha earlyprintk, ile ya kuifanya kerneli (moyo wa mfumo wa mgeni) iandike mapema inapowaka, na herufi zinatoka moja, zinakaa, inatoka nyingine, kama bomba linalovuja, mstari wa kwanza tu wa kerneli nimeusubiri mpaka chai imepoa. Kumbe kabla ya kila herufi kerneli inasoma rejista ya hali (rejista ni kisanduku kidogo cha namba ndani ya kifaa), 0x3fd, inauliza "upo tayari?", na mie naijibu sifuri, basi inauliza tena na tena, karibu mara 65,535, ndio inachoka na kuandika hivyo hivyo. Nilipojibu 0x60 maandishi yakamwagika yote. Nilijua kwa sababu niliprinti kila anuani aliyoigusa mgeni, na nakuomba ufanye hivyo tangu siku ya kwanza.

Mgeni akishaongea nenda virtio moja kwa moja, yaani vifaa vilivyobuniwa kwa ajili ya mashine pepe, usihangaike kuiga diski za zamani. Kwenye virtio mgeni anajua yupo ndani ya mashine pepe, kwa hiyo anapanga maombi yake kwenye memori halafu anakugongea mara moja, badala ya kutoka kila akigusa rejista. Ombi la diski lina kichwa cha baiti 16 chenye aina ya ombi na namba ya sekta (kipande cha diski), halafu data, halafu baiti 1 ya mwisho ambayo unaandika wewe kusema imefaulu au la, hii watu wanaisahau sana. Na kwa virtio-mmio, ile inayofikiwa kwa anuani za memori, kabla hujapiga intarapti (ishara ya kumshtua mgeni) washa biti ya kwanza ya rejista 0x060, maana draiva, programu ya mgeni inayoendesha kifaa, ikisoma pale ikakuta sifuri inasema hii si yangu, inaondoka, wewe unaona diski imeganda tu na hujui kwa nini.

Ila la kushika khasa ni hili, anuani anazokupa mgeni usiziamini. Anakupa anuani na urefu, ukizitumia kama zilivyo anaweza kusoma mpaka memori ya programu yako. Jumlisha anuani na urefu uone havijavuka memori uliyompa, na uangalie hiyo jumla yenyewe haijafurika ikaanza tena sifuri. QEMU, programu maarufu ya mashine pepe, ilikutwa na tundu la usalama mwaka 2015, lile waliloliita VENOM, na lilikuwa kwenye kontrola ya flopi, jamani flopi, nani anaitumia, lakini kifaa kimo na mgeni anakifikia. Ndo maana Firecracker, haipavaiza ya Amazon ya 2018, ilitoka na vifaa vichache mno: mtandao, diski, siriali, na kontrola ndogo ya kibodi ya kumzimia mgeni tu.

Yule kijana keshafika kwenye diski, inasoma vizuri ila sekta ya mwisho inamkatalia, leo baada ya magharibi tunakaa kuangalia hesabu yake ya mipaka, nahisi kaweka "ndogo kuliko" pahala pa "ndogo au sawa".