Maswali na majibu: Mswada uko Augusta, wewe utasemaje?

Maswali haya yametoka kwa wasomaji wa Portland na Lewiston, katika jimbo la Maine, Marekani. Wengi ni Wakongomani, Warundi na Wanyarwanda waliosikia kwamba Bunge la jimbo, lililoko mji mkuu wa Augusta, linajadili mswada unaowagusa, nao hawajui pa kuanzia.

*Mimi si raia. Kesi yangu ya hifadhi haijaamuliwa. Naruhusiwa kusema mbele ya kamati ya Bunge?*

Unaruhusiwa. Kamati humsikiliza yeyote, awe na kura au asiwe nayo, na huapishwi kama mahakamani. Tena wewe ndiye unayehitajika zaidi. Mwaka 2015 sheria ya Maine iliwaruhusu waomba hifadhi kupata msaada wa manispaa, ule wa General Assistance, kwa muda usiozidi miezi 24. Kodi ya nyumba na chakula cha watu wasiopiga kura viliamuliwa mle bungeni. Usiposema mwenyewe, utasemewa na mtu asiyeyajua maisha yako.

Ila sikiliza hili vizuri: maoni yako yanabaki kwenye kumbukumbu za umma, na yale ya maandishi huwekwa kwenye tovuti ya Bunge yakiwa na jina lako. Taja mji unaoishi, inatosha. Usiandike namba ya kesi, usitaje majina ya watoto, wala usisimulie yaliyokukimbiza nyumbani kabla hujazungumza na wakili wako.

*Nitajuaje mswada unasikilizwa lini?*

Tafuta namba yake. Kila mswada una namba inayoanza na LD (Legislative Document, yaani hati ya Bunge), na ukiiandika kwenye tovuti ya Bunge utaona kamati, tarehe na chumba. Maine ina jambo zuri ambalo majimbo mengi hayana: karibu kila mswada hupewa kikao cha kusikiliza wananchi. Kwingine mwenyekiti anaweza kuufungia mswada kwenye droo hadi ufe. Pia kamati ni za pamoja, kwa kawaida maseneta 3 na wawakilishi 10 meza moja, kwa hiyo unasema mara moja tu.

*Kaka, niseme nini? Naogopa kusimama mbele ya waheshimiwa.*

Dada yangu, mara nyingi utapewa dakika 3, yaani ukurasa mmoja na nusu hivi wenye mistari iliyoachana, ukisoma bila haraka. Anza hivi: "Mheshimiwa Seneta fulani, Mheshimiwa Mwakilishi fulani, na wajumbe wa kamati. Naitwa fulani, naishi Lewiston. Naunga mkono LD namba fulani." Msimamo wako ukae hapo juu, usiuache mwisho, kwa sababu wanaounga mkono huitwa kwanza, kisha wanaopinga, kisha wasio upande wowote.

Halafu toa jambo moja la maisha yako, moja tu, lenye saa na bei. Tuseme mswada unahusu malezi ya watoto. Usiseme "wahamiaji tunateseka." Sema: "Nahudumia wazee zamu ya usiku. Natoka saa moja asubuhi, na kituo cha watoto kinafunguliwa saa mbili. Saa hiyo moja mwanangu anakaa kwa jirani, na jirani akiugua nakosa kazi." Wajumbe watasikia watu wengi siku hiyo, na hoja za jumla wameshazisoma. Saa hiyo moja hawajaisikia kwa mtu mwingine. Malizia kwa ombi: wapitishe, wakatae, au wabadili kifungu gani.

Wakikuuliza swali usilolijua, jibu kwamba hujui na utawaandikia. Hakuna aibu hapo.

*Kiingereza changu ni kidogo, na mchana nafanya kazi.*

Unaweza kutuma maandishi kupitia tovuti ya Bunge, au kuzungumza kwa Zoom bila kufunga safari ya Augusta. Kuhusu lugha, mpigie karani wa kamati siku kadhaa kabla uombe mkalimani. Usingoje asubuhi ya kikao. Ukiweza, tuma pia nakala ya Kiingereza. Na tafadhali, usimtume mtoto wako wa shule akutafsirie mambo mazito ya familia mbele ya umati.

*Mimi Mkenya. Hii ni kama ushirikishwaji wa umma wa kwetu?*

Ni ndugu yake. Ibara ya 118 ya Katiba ya 2010 inalibana Bunge la Kenya kuwashirikisha wananchi. Ukiwahi kupeleka maoni yako kule, hapa hutapotea.

*Nimeshasema. Sasa nikae ningoje?*

Usikae. Baada ya siku chache kamati hufanya kikao cha kazi, na hapo ndipo mswada hukatwa na kushonwa upya. Kikao kiko wazi, ingawa hutasema tena mpaka wakuulize. Kifuatilie, kwa sababu kifungu ulichokitetea kinaweza kuondolewa pale bila kelele. Kisha mwandikie mwakilishi wa eneo lako na seneta wako, mistari mitano tu, kwani kura ya mwisho iko kwao: wawakilishi 151 na maseneta 35. Mswada ukipita kote, Gavana ana siku 10, Jumapili hazihesabiwi, kuutia saini au kuukataa. Barua kwake nayo ipelekwe siku hizo.