Usikimbilie kubadilisha katalisti

Kaka, umesema Saab 9-5 yako ya petroli, ya 2001, imefeli MOT (ukaguzi wa gari wa kila mwaka) hapo Uingereza: CO (gesi ya kaboni monoksidi) asilimia 0.9, lambda (kipimo cha uwiano wa hewa na petroli) 0.95, na fundi anataka ubadilishe katalisti, kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi. Subiri kwanza. Injini ikizunguka mara 2,500 hadi 3,000 kwa dakika, CO ya gari la mwaka huo isizidi asilimia 0.3, na lambda iwe kati ya 0.97 na 1.03. Lambda yako iko chini, maana yake injini inakunywa petroli kupita kiasi. Ukifunga katalisti mpya leo, petroli hiyohiyo itaiua.

Mimi ningeanza na mipira (mabomba) ya hewa ya turbo, ile pampu inayosukuma hewa kwenye injini. Gari la umri huo mipira hupasuka upande wa chini, usikoona. Hewa iliyokwisha kupimwa na sensa ikivujia hapo, kompyuta inamwaga petroli ya hewa isiyofika kwenye injini. Kagua pia sensa ya oksijeni ya mbele, maana ikizeeka hudanganya, na sensa ya joto la maji. Ukiona moshi wa bluu, hiyo ni oili, pengine sili za turbo.

Siku ya kurudia kipimo, endesha dakika 20 hivi kwanza, na usizime injini ukisubiri zamu: katalisti ikipoa haisafishi moshi vizuri.