Warsha imefaa, au imependwa tu?

SWALI: Tunafundisha anatomia chuoni hapa Mtwara. Baada ya warsha ya siku 2 kuhusu utafiti wa ufundishaji, washiriki wote 18 walijaza "nzuri sana". Je, imefaulu?

JIBU: Bado hamjajua. Hiyo ni ngazi ya 1 kati ya 4 za Kirkpatrick, mfumo wa kutathmini mafunzo: kuridhika. Zimebaki kujifunza, utendaji na matokeo.

Jihadharini na mtego huu: anayejipima kabla ya warsha hujipa alama nyingi, maana hajui asichokijua, akishaelewa hujishusha, nanyi mtadhani amerudi nyuma. Siku ya mwisho mwulizeni yote mawili pamoja, "kabla" na "sasa", kwa kipimo cha 1 hadi 5. Bora zaidi, aandike swali la utafiti mwanzo na mwisho, lisahihishwe na asiyejua lipi lilitangulia. Baada ya miezi 6, ili kupima utendaji, ulizeni nani ameomba kibali cha maadili ya utafiti.