Mtoko wa Elfu Kumi na Sauti ya Al Green

Shangazi anajibu barua zenu

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Tabata na mume wangu ambaye ni fundi umeme. Tuna watoto wawili. Zamani kila mwisho wa mwezi tulikuwa tunatoka, tunakula mahali pazuri kule Masaki, tunarudi na teksi. Tangu mtoto wa kwanza aanze shule ya kulipia, tumeacha. Mume wangu anapenda sana muziki wa soul, ule wa Wamarekani weusi, kaurithi kwa marehemu baba yake, na anasema tukae nyumbani tusikilize, huo ndio uwe mtoko wetu. Nampenda, ila naona kama ananipoza tu kwa maneno. Halafu Kiingereza cha wale waimbaji kinanipita. Muziki wangu mimi ni kwaya, naimba sauti ya pili kanisani. Nifanyeje ili nisionekane mke wa kununa?
Mama Wawili, Tabata

Marahaba mwanangu. Nianze na hilo la kwaya, maana ndilo lililonifanya niichague barua yako. Wewe unayeimba sauti ya pili una sikio ambalo mumeo, pamoja na mapenzi yake yote kwa muziki huo, huenda hana. Soul imetoka kanisani. Sam Cooke, kabla dunia haijamjua kwa nyimbo za mapenzi, alikuwa akiimba injili na kundi la Soul Stirrers. Aretha Franklin alikulia katika kanisa la baba yake, Mchungaji C. L. Franklin, kule Detroit. Al Green alikuwa bado ana jina kubwa mwaka 1976 alipoanza kuhubiri katika kanisa lake mwenyewe Memphis. Kwa hiyo pale mwimbaji anapotupa mstari na waitikiaji wakaudaka, hapo wewe si mgeni. Unajua lini ataingia, lini ataachia, lini anaishikilia pumzi makusudi. Mwambie mumeo atulie umwonyeshe.

Sasa hilo la kupozwa. Kukaa sebuleni luninga imewaka, yeye anaperuzi simu na wewe unasahihisha madaftari, huo si mtoko hata muziki upigwe mpaka asubuhi. Hapo una haki ya kununa. Mtoko una siku yake, una saa yake, na watu wamebadilisha nguo. Kwangu Magomeni siku yetu ni Alhamisi. Watoto walipokuwa wadogo walijua Alhamisi wanakula mapema na kulala mapema, na majirani walijua siku hiyo hakuna kugonga mlango kuazima sufuria. Navaa dera lililopigwa pasi, nafukiza udi, mzee wangu anaoga na kunyoa ndevu. Hatutoki nje ya geti, lakini kila mmoja anajua mwenzake kajiandaa kwa ajili yake, na hilo haliuzwi Masaki wala popote.

Wiki hii jaribuni hivi. Atafute albamu ya Al Green ya mwaka 1972 iitwayo I'm Still in Love with You. Ina nyimbo tisa na haifiki dakika arobaini. Aipakue mapema, msije mkaishiwa bando katikati ya wimbo. Isikilizeni yote kwa mpangilio wake, bila kurukaruka, na kwa sauti ya chini. Nasisitiza sauti ya chini, na si kwa sababu ya watoto peke yao. Mtayarishaji wake, Willie Mitchell, alimsihi Al Green aimbe kwa upole asipayuke, na uzuri wote umo humo. Ukiipandisha kwenye sabufa mpaka madirisha yanatikisika, unapata kelele, mtu mwenyewe umempoteza.

Walirekodia Royal Studios, Memphis, katika jengo lililokuwa sinema, na sakafu yake ni ya mteremko vile vile kama ya sinema. Gitaa, besi na kinanda vilipigwa na ndugu watatu wa tumbo moja, Teenie, Leroy na Charles Hodges. Wewe mwanakwaya kifuate kinanda cha Charles. Kinakaa chini ya sauti ya mwimbaji, kinaibeba, hakishindani nayo hata mara moja. Mkifika wimbo wa tatu, Love and Happiness, msiongee. Gitaa linaanza peke yake, sauti inaingia taratibu kama mtu anayewaza, halafu unausikia mguu unagonga kuhesabu, ndipo bendi nzima inaingia. Mguu ule nikiusikia, hata kama nina mwiko mkononi nausimamisha. Wimbo wa tano, Simply Beautiful, ni karibu mnong'ono. Huo sikuelezi kitu. Zimeni taa muusikilize.

Kuhusu Kiingereza, hiyo ni kazi ya mumeo. Kabla ya kila wimbo akusimulie kwa maneno yake mwenyewe unasema nini, akikutazama usoni. Wanaume wetu wengi hawakulelewa kutamka mambo haya. Mtu anaweza kukaa na mkewe miaka kumi hajawahi kumwambia kwa kinywa chake kwamba anamhitaji. Akiwa anamsimulia Al Green, maneno hayo yanatoka, na yakishatoka mara moja yanajua njia. Nawe ukimaliza kumsikia, mwambie ulichokisikia kwenye sauti: wapi waitikiaji wameingia, wapi mwimbaji amekata pumzi. Wiki inayofuata ni zamu yako. Weka kwaya yako, naye akae asikilize vivyo hivyo, bila simu mkononi.

Wala usione kusikiliza ndani ni unyonge. Mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku hapa Dar es Salaam, kwa hoja kwamba unaharibu vijana na utamaduni wa taifa. Mwaka huo huo ndipo ilipopita Operesheni Vijana, sketi fupi na suruali za kubana zikisakwa mitaani. Mimi nilikuwa mtoto. Kaka yangu mkubwa aliendelea kupiga santuri zake chumbani, dirisha limefungwa na shuka limetundikwa juu yake, yeye na wifi yangu. Nilikuwa nakaa ukumbini nawasikia wakicheka, wakinyamaza, wakiurudia wimbo ule ule. Hawakuwa na hela, na sijapata kuona watu wawili waliofurahiana kama wale.

Hata hivyo, mwambie mumeo kwamba mara moja kwa mwezi mnatoka kweli. Nyumba ikizidi inachosha, hasa kwako unayeipika na kuifagia. Watoto waachieni bibi yao, naye mpelekeeni sukari kilo moja. Elfu kumi inawatosha, nauli ndani yake. Nendeni Coco Beach jioni jua likipoa, mnunue sahani moja ya mihogo ya kukaanga yenye kachumbari na chachandu mle wote wawili, na dafu kila mtu lake. Mwezi mwingine pandeni pantoni kwenda Kigamboni na kurudi. Nauli ya mtu wa miguu ni ndogo kuliko ya daladala, na upepo wa pale katikati ya mlango wa bandari ni wa bure. Chukueni hedifoni, ila simu ishikeni vizuri na msikae gizani. Na mkirudi nyumbani msikimbilie kulala. Wekeni wimbo mmoja tu, mcheze kidogo pale kati ya kochi na meza.

Shangazi, mimi ni kijana wa Mwanza, nauza vipuri vya pikipiki. Mchumba wangu anapenda rumba la Kongo, mimi soul. Tukikutana tunagombania spika. Yeye anasema nyimbo zangu ni za kulia, mimi nasema zake haziishi. Na jioni zetu zote zinaishia kwenye kelele za baa. Tuna mwaka mmoja kabla ya ndoa.
Muuza Vipuri, Mwanza

Mwanangu, mnagombania ndugu wawili. Septemba 1974 pale Kinshasa lilifanyika tamasha la siku tatu lililoandaliwa kwa ajili ya pambano la ngumi la Muhammad Ali na George Foreman. Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, pambano likasogezwa hadi tarehe 30 Oktoba, lakini muziki haukungoja. Jukwaa hilo hilo walipanda James Brown, Bill Withers na B. B. King, wakapanda pia wana rumba, Franco na OK Jazz na Tabu Ley na Afrisa, na Miriam Makeba naye. Watu wa Kinshasa hawakuombwa wachague. Tafuta picha za video za tamasha lile mzitazame pamoja jioni moja. Kisha wekeni utaratibu: wimbo wako, wimbo wake, kwa zamu, na asiyechagua haruhusiwi kusema neno mpaka uishe. Rumba lake likiwa la dakika kumi utasubiri dakika kumi. Ndoa ina ngoja nyingi kuliko hiyo.

Baa iacheni. Nyie mna ziwa. Nunueni sato mmoja wa kukaanga na ugali, muombe mfungiwe, mkakae Capripoint kwenye mawe mkilitazama jiwe la Bismarck kabla jua halijazama. Hapo mpigie (Sittin' On) The Dock of the Bay wa Otis Redding. Alianza kuutunga akiwa kwenye nyumba inayoelea majini huko Sausalito, California, akitazama maji, akaurekodi Memphis mwishoni mwa 1967, na siku chache baada ya kumaliza akafa kwenye ajali ya ndege, tarehe 10 Desemba. Alikuwa na miaka 26. Ulipotoka, Januari 1968, hakuwepo kuusikia. Sikilizeni ule mluzi wa mwishoni. Mchumba wako akisema huo nao ni wa kulia, mkubalie, kisha mpe spika yeye.

Shikamoo Shangazi. Mke wangu yuko Muscat kikazi, mimi niko Tanga. Kabla hajaondoka kila Ijumaa tulikuwa tunasikiliza soul barazani tukinywa chai ya mchaichai. Sasa yeye anapata nafasi usiku tu, na mtandao unasumbua, simu zinakatika. Je, hiyo Ijumaa yetu ndiyo imekufa?
Baba wa Barazani, Tanga

Marahaba baba. Haijafa, na msiiache ipite hata wiki moja. Muscat wako mbele yetu kwa saa moja tu, kwa hiyo saa nne usiku ya Tanga ni saa tano kwake, amemaliza kazi. Msitegemee simu ya moja kwa moja. Kila mmoja awe amepakua wimbo ule ule tangu mchana, na ikifika saa mliyokubaliana kila mtu abonyeze kwake. Ukiisha, mtumiane sauti ya dakika moja kila mmoja kueleza alichokuwa anawaza. Ujumbe wa sauti ukichelewa na mtandao bado unafika, na anaweza kuurudia kesho akiwa jikoni.

Anzeni na Ain't No Sunshine wa Bill Withers, wa mwaka 1971. Ni dakika mbili na ushee tu, unahusu nyumba ambayo mwanamke ameondoka, na aliyeuimba wakati huo alikuwa bado ana kazi kiwandani, akitengeneza vyoo vya ndege. Pale katikati anaporudia maneno mawili yale yale mara 26, alikuwa amepanga kuandika ubeti mwingine, wanamuziki waliokuwa naye studio wakamwambia auache hivyo hivyo. Nadhani walifanya vyema, maana mtu aliyeachwa peke yake hatungi beti. Na chai ya mchaichai pika, baba, vikombe viwili kama zamani, cha pili mpe mama yako.